Kompyuta Inapochelewa Kufunguka



Muhula uliopita, wiki ya kujaza alama za mitihani, kompyuta moja ya ofisini kwetu ilikuwa ikichukua karibu dakika 10 tangu mtu aandike nywila hadi aone mafaili yake. Tulishauriwa tufute kila kitu na kuweka Windows upya. Tulikataa. Diski ya kompyuta hiyo ilikuwa na rekodi za wazee wa Nyamirambo, zilizokusanywa na wanafunzi wetu wa uzamili, na nakala nyingine haikuwapo popote.

Tulianza kwa kuchomoa waya wa mtandao, kisha tukaandika nywila ile ile. Tukaingia mara moja, kwani Windows huwakumbuka waliokwisha kuitumia. Basi diski haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa mtandaoni.

Kompyuta iliyosajiliwa kwenye seva ya chuo haimpokei mtu kwa uamuzi wake yenyewe. Kwanza huitafuta seva inayowatambua watumiaji, na ili kuipata huuliza DNS, yaani huduma inayojua jina lipi lina anwani ipi. Ikimwuliza asiyejua, husubiri, huuliza tena, husubiri tena. Sisi tulioketi mbele ya kioo tunasema mashine imezeeka!

Tulifungua dirisha la amri, tukaandika ipconfig /all. Mbele ya maneno DNS Servers palikuwa na 8.8.8.8, anwani ya Google. Mmoja wetu aliiweka siku intaneti ilipokuwa ikisumbua, naye alikuwa na nia njema. Lakini Google, pamoja na kujua tovuti za dunia nzima, haiijui seva iliyo ndani ya chuo. Tuliifuta, tukaiacha kompyuta ipewe anwani na mtandao wa chuo wenyewe, tukaandika ipconfig /flushdns na kuiwasha upya. Sasa haifiki dakika 1. Anwani ya nje isiwekwe hata katika nafasi ya pili.

Anwani ya kompyuta ikianza na 169.254, haijapewa anwani yoyote na mtandao. Tazameni waya kwanza. Tazameni na saa pia: ikipishana na ya seva kwa zaidi ya dakika 5, mtu anaweza kukataliwa ingawa nywila yake ni sahihi. Kompyuta za zamani hupoteza saa kila umeme ukatikapo, kwa kuwa betri yao ndogo ya ndani imekwisha.

Rekodi za wazee sasa zina nakala mbili. Moja iko kabatini kwa katibu.