Anayekwepa PE ndiye bingwa wa kati jioni

Mwalimu akitangaza kipindi cha PE (elimu ya viungo), hakosi mwanafunzi wa kuumwa tumbo ghafla. Jioni, vichochoroni Kibera na Kawangware, mitaa ya Nairobi, mwanafunzi yuyo huyo yumo kwenye mchezo wa kati. Wawili wanarusha mpira wa soksi kuukuu, naye akiwa katikati anaruka, anainama, anajipinda usimguse, hadi sare imelowa jasho.

Uvivu basi si sababu. Wanasaikolojia Edward Deci na Richard Ryan wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, walieleza kwamba mtu hujituma kwa hiari anapopata mambo matatu: nafasi ya kuamua mwenyewe, kujiona anaweza, na kukubaliwa na wenzake. Kati ina yote. Watoto hupanga timu wenyewe, hubishania kanuni wenyewe, na aliyepigwa mpira hurudi duru ijayo. Mbio za kuamrishwa hazina hayo, na zikigeuzwa adhabu ya kuchelewa, mtoto huzichukia kabisa. Adhabu hiyo inafaa kukomeshwa.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau wastani wa dakika 60 za mazoezi kwa siku kwa wenye umri wa miaka 5 hadi 17. Misuli inayofanya kazi hutumia sukari iliyo kwenye damu, moyo hupata nguvu, na mifupa hukomaa kwa kishindo cha kuruka. Hata hivyo, utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kuwa asilimia 81 ya wanafunzi wa miaka 11 hadi 17 duniani hawakufikia kiwango hicho: wavulana asilimia 78, wasichana 85.

Wasichana wa Kibera, hata hivyo, wameonyesha kinachowezekana. Mwaka 2002 Abdul Kassim alianzisha timu yao ya soka, na kufikia 2006 timu hiyo ilikuwa imezaa shule ya sekondari, Kibera Girls Soccer Academy. Kwa kawaida shule ndiyo huunda timu. Hapa timu iliunda shule. Shirika la Carolina for Kibera nalo, lililoanza 2001, lilizitaka timu za ligi yake zichanganye vijana wa makabila tofauti na kushiriki usafi wa mitaa.

Kikwazo kipo. Shule nyingi za mabati katika mitaa hii hazina uwanja, na mtihani ukikaribia kipindi cha PE humezwa na hisabati. Lakini kati, bladda (kuruka lastiki) na kuruka kamba hutoshea hata kwenye ua mdogo. Mwalimu awaulize wanafunzi wanacheza nini jioni, awaache wachague, kisha ampime kila mmoja kwa alichoweza wiki iliyopita, si kwa kumlinganisha na mwenzake mwepesi. Wasichana watengewe pa kubadilishia nguo. Nanyi walimu wakuu, kipindi cha PE kilichomo kwenye ratiba kiacheni kibaki cha PE.