Mwaka 1964: Shamba, Deni na Majani ya Chai



Watu wakitaja mwaka wa uhuru husema 1963, na ni kweli. Lakini kwa mkulima wa skimu katika nchi hii ya Kericho na Bomet, mwaka uliogusa jembe lake na mfuko wake ni ule uliofuata. Mambo yaliyoandikwa kwenye karatasi siku zile ndiyo yanayoamua hata leo jina la nani limo katika daftari la ardhi, na nani atalipwa kwa majani yanayochumwa. Wengi wetu tumerithi shamba bila kurithi maelezo yake. Kwa hiyo tuyaeleze.

Habari za siasa nitazipita upesi. Januari 1964 askari waliasi katika kambi ya Lanet karibu na Nakuru, na uasi huo ukazimwa. Novemba chama cha KADU, kilichokuwa na wafuasi wengi huku kwetu, kilivunjwa, wajumbe wake wakajiunga na KANU. Tarehe 12 Desemba Kenya ikawa Jamhuri, Mzee Jomo Kenyatta akiwa Rais wa kwanza, na utawala wa majimbo ukaisha. Kericho yenyewe ilikuwa imekwisha kutolewa Nyanza na kuingizwa Rift Valley mwaka 1963, hata mzee aliyezoea kupeleka shauri lake Kisumu ikambidi ajifunze njia ya Nakuru.

Sasa tuje kwenye ardhi. Mpango wa Ekari Milioni Moja ulianza mwaka 1962. Serikali ilinunua mashamba ya Wazungu, fedha nyingi zikitoka Uingereza, ikayakata vipande na kuweka humo jamaa zipatazo 35,000 katika nchi nzima. Upande wetu skimu zilikatwa Sotik, na pia upande wa Lumbwa, yaani Kipkelion ya leo. Yaliyonunuliwa yalikuwa mashamba ya ng'ombe, mahindi na mazao mchanganyiko. Mashamba makubwa ya chai ya makampuni hayakuingizwa katika mpango huo. Kwa nini hayakuingizwa ni swali ambalo wazee waliuliza wakati ule na vijana wanaliuliza bado, wala si karani wa ofisi ya kilimo atakayelimaliza.

Neno moja hapa lataka kushikwa vizuri. Mkulima wa skimu hakupewa shamba bure. Aliuziwa, naye akakopeshwa fedha za kulinunua. Mkopo wa ardhi kwa kawaida ulikuwa wa miaka 30, kwa faida ya asilimia 6.5 kila mwaka. Juu yake ulikuwako mkopo wa pili, wa maendeleo, kwa ajili ya ng'ombe, waya na mbegu, nao ulitakiwa kulipwa kwa muda mfupi zaidi.

Mimi nilisomea ualimu, na hesabu napenda iandikwe ubaoni ionekane. Tuseme mtu alikopa shilingi 2,000 za ardhi, alipe kwa mafungu sawa kila mwaka. Fungu lake litakuwa shilingi 153 hivi. Mwaka wa kwanza, faida peke yake ni shilingi 130. Basi katika zile 153, shilingi 23 tu ndizo zinazopunguza deni! Akilipa bila kukosa mpaka mwaka wa 30, atakuwa ametoa karibu shilingi 4,600 kwa shamba la shilingi 2,000. Na akikosa miaka miwili mitatu, kwa sababu mvua ya mawe imepiga au ng'ombe wamekufa, deni huongezeka badala ya kupungua. Ndiyo maana wakulima wengi wa skimu, katika kila sehemu ya Kenya, walibaki nyuma kwa malipo. Wengine walisemwa kuwa ni wavivu. Kwa maoni yangu hesabu yenyewe ilikuwa nzito, na si kila mtu alielezwa kabla ya kutia kidole gumba.

Mpaka deni liishe, shamba lilikuwa rehani kwa Wadhamini wa Mfuko wa Skimu, ambao wakulima waliwajua kwa herufi S.F.T. Kumbuka jambo hilo, tutalirudia.

Tuje kwenye chai. Makampuni yalianza kupanda chai Kericho kwa wingi katika miaka ya 1920, na kwa muda mrefu Mwafrika alikuwa mchumaji tu. Mlango ulifunguliwa kwa Mpango wa Swynnerton wa 1954. Mwaka 1960 likaundwa shirika la kusimamia mazao maalum ya wakulima wadogo, na Januari 1964 mahali pake pakachukuliwa na KTDA. Mwaka huo huo Benki ya Dunia, kwa njia ya tawi lake la IDA, ilikubali kutoa mkopo kwa ajili ya chai ya wakulima wadogo.

Huenda utauliza: shirika la nini, na mtu ana shamba lake na mikono yake? Sababu imo katika jani lenyewe. Mahindi yanaweza kungoja ghalani, lakini majani mabichi ya chai hayangoji. Yakikaa yamebanwa katika gunia yanapata moto, yanageuka rangi na kuharibika siku ile ile. Kwa hiyo panatakiwa barabara, gari na kiwanda karibu, na mwenye ekari moja hawezi kujenga kiwanda. KTDA ilikusanya wenye ekari moja moja wakawa kama shamba moja kubwa. Ilitoa miche kwa mkopo, ikikata fedha zake kidogo kidogo katika bei ya majani. Ilidai majani mawili na kichipukizi, na makarani wake walikataa yaliyokomaa. Mkulima naye alichagua wajumbe wa kamati ya chai ya wilaya. Mahali ambapo kiwanda kilikuwa hakijajengwa, majani yaliweza kupelekwa katika viwanda vya makampuni.

Malipo nayo yalikuwa ya sehemu mbili, kama unavyoyajua: kiasi fulani kila mwezi kwa kilo zilizopimwa, na baki baada ya hesabu za mwaka kufungwa, ambayo tunaiita bonasi. Baki hiyo hutokana na bei ambayo chai iliyokwisha kutengenezwa imeuzwa, baada ya kutoa gharama. Ndiyo sababu jirani anayepeleka kiwanda kingine anaweza kupata zaidi yako, ingawa kilo zenu ni sawa.

KTDA ile ya sheria iligeuzwa kuwa kampuni mwaka 2000. Kazi ya S.F.T. sasa iko chini ya Mfuko wa Makazi ya Ardhi, kwa Sheria ya Ardhi ya 2012. Lakini katika boma nyingi jina ni lile lile la mzee aliyefika mwanzoni mwa skimu. Mzee amekwisha kufariki. Shamba liko katika jina lake, na nambari ya mkulima pale kituo cha majani ni yake pia. Bonasi inakuja, na ndugu wanne wanagombana nani akaichukue.

Ikiwa nyumba yako iko hivyo, anza na daftari la ardhi. Omba utafutaji wa hati, uone kama rehani ya skimu ingali imeandikwa. Kama deni lililipwa lakini rehani haijafutwa, tafuta stakabadhi za zamani katika sanduku la mzee, upeleke ofisi ya makazi ya ardhi wakuandikie hati ya kuifuta. Kisha pata cheti cha kifo na barua ya chifu inayotaja warithi wote, pamoja na wajane na mabinti walioolewa, maana kumwacha mmoja kunaweza kurudisha kesi nyuma. Peleka mahakamani kuomba usimamizi wa mali. Kwa kawaida hati hiyo huthibitishwa baada ya miezi 6, na ikithibitishwa ndipo ardhi inaweza kuandikishwa kwa majina mapya. Nakala yake moja ipelekwe kiwandani, ili nambari ya chai nayo ibadilishwe.