Chombo cha Umeme: Kifanane na Vingine au Kije na Sura Mpya?

Hebu piga picha pikipiki mbili za umeme zimeegeshwa kijiweni Nyamuswa, wilayani Bunda. Ya kwanza ina tangi, siti ndefu na keria, utadhani ni Boxer tu. Ya pili imechongoka, haina tangi, taa yake ni mstari mwembamba, kama imetoka kwenye filamu. Bei ni ileile, betri ni ileile. Ungechukua ipi?

Wengi hudhani hilo ni suala la urembo tu. Kumbe ndani yake kuna fizikia na uchumi.

Sura tuliyoizoea ilitoka wapi?

Injini ya petroli hugeuza sehemu ndogo tu ya nishati ya mafuta kuwa mwendo, kwa kawaida chini ya asilimia 40. Sehemu kubwa inayobaki huwa joto, na joto hilo lazima litolewe. Ndiyo maana gari lina rejeta, na mbele yake kuna grili ya kupitisha hewa. Mota ya umeme inaweza kuwa na ufanisi unaozidi asilimia 90. Inahitaji kupozwa pia, lakini kwa kiasi kidogo. Yaani grili kubwa, ekzosi na tangi havina kazi tena, na mbunifu anabaki huru kuchora atakavyo.

Lakini kuwa huru ni jambo moja, na mteja kukubali ni jambo jingine. Tesla Model S ilipoanza kuuzwa mwaka 2012, mbele ilikuwa na kipande cheusi kilichofanana na grili, ingawa haikuihitaji. Kiliondolewa mwaka 2016. BMW nao walileta i3 mwaka 2013, gari lenye sura ya peke yake kabisa. Mwaka 2021 wakaleta i4, ambayo ukiiona barabarani unaweza kudhani ni ya petroli. Kampuni ni moja, majibu mawili.

Nani hulipia sura ngeni?

Mwaka 2014 wachumi Steven Sexton na Alison Sexton walichapisha utafiti kuhusu Toyota Prius katika majimbo ya Colorado na Washington, Marekani. Prius ni haibridi yenye umbo ambalo huwezi kulichanganya na gari jingine, wakati Honda Civic ya haibridi ilifanana na Civic za kawaida. Waliona kwamba kwenye jamii zinazothamini mazingira, watu walikuwa tayari kulipa zaidi ili waonekane wanajali. Sura ya gari ilikuwa tangazo.

Sasa turudi Nyamuswa. Mnunuzi wa hapa huenda akawa dereva wa bodaboda mwenye pikipiki ya mkataba, anayetakiwa kupeleka hesabu iwe mvua, iwe jua. Kwake pia sura ni ujumbe, ila anasoma mambo mengine: tairi hizi nitazipata Bunda mjini, breki hizi fundi wangu anazijua, gunia la mahindi litakaa, na siku nikitaka kuuza nitapata mteja. Ndiyo maana Ampersand iliyoanzia Rwanda, na Roam ya Nairobi, zinauza pikipiki za umeme zenye umbo la pikipiki ya kazi, siyo chombo cha anga.

Umbo hudanganya pande zote

Sura iliyochongoka husaidia kupasua hewa, na hilo ni kweli: mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya upinzani wa hewa huongezeka mara nne. Kwa gari linalokimbia kilomita 120 kwa saa, hiyo ni chaji nyingi. Lakini kwenye njia ya vumbi na mashimo, kwa kilomita 30 kwa saa, chaji huliwa zaidi na mzigo, milima, na kusimama na kuondoka kila mara. Hapo mchongoko haukusaidii kitu.

Na ile inayofanana na Boxer? Nayo iangalie vizuri. Huenda hilo "tangi" ni kava tu. Fundi anayefungua injini akiwa amefumba macho anaweza asijue pa kuanzia kwenye kidhibiti cha mota. Umezoea sura yake, lakini ndani ni mashine nyingine.

Kwa hiyo usiuziwe mbuzi kwenye gunia. Kabla ya kusaini mkataba, uliza: betri nitaichaji au kuibadilisha wapi, na ni umbali gani kutoka hapa? Ikiwa na abiria na mzigo inakwenda kilomita ngapi? Dhamana ya betri ni ya muda gani? Kidhibiti kikifa, nani anatengeneza, na spea inatoka wapi?

Ukishapata majibu ya hayo, ndipo uchague sura unayoipenda.