Tiba ya dharura Unguja: nani anamlipa anayesubiri?

WAFANYABIASHARA wa Mji Mkongwe na wenye nyumba za wageni za mwambao wana kila sababu ya kuiangalia huduma ya dharura kama wanavyoangalia bei ya mafuta. Mgonjwa mmoja akicheleweshwa, mtaji wa duka unaweza kuishia kwenye matibabu ya Dar es Salaam.

Kwa miaka mingi mzigo mkubwa uliielemea Hospitali ya Mnazi Mmoja. Mgonjwa wa Paje au Nungwi alikuwa na safari ya kilomita 50 au zaidi kufika mjini. Hali ilianza kubadilika mwaka 2022 na 2023, pale hospitali mpya za wilaya na ile ya mkoa ya Lumumba zilipofunguliwa. Umbali umepungua, lakini jengo peke yake haliokoi mtu.

Fedha nazo zimeanza kuonekana. Sheria ya mwaka 2023 iliunda Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar. Kuanzia tarehe 1 Oktoba 2024, kila mgeni kutoka nje alitakiwa kununua bima ya Shirika la Bima la Zanzibar kwa dola 44 za Marekani, inayodumu siku 92. Mwaka huo Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 700,000. Ukizidisha, unapata dola milioni 30 na ushei. Huo ni upeo tu, kwani watoto hulipa pungufu na madai hayajatolewa.

Shida iko kwenye aina ya gharama. Bima hulipa mgonjwa anapotibiwa. Gari la wagonjwa, mtungi wa oksijeni na muuguzi wa zamu ya usiku hugharimu hata usiku ambao hakuna aliyeita. Ni sawa na duka linalolipa kodi, umeme na mlinzi bila kuuza kitu. Hospitali binafsi inayongoja madai yake yalipwe hubana kwanza pale pasipoleta fedha, yaani kwenye zamu ya kusubiri.

Njia moja ya kupunguza mzigo huo imejaribiwa Tanzania Bara. Mpango wa m-mama, ulioanzia Kanda ya Ziwa, hutumia namba ya bure 115. Gari la wagonjwa likikosekana, huitwa dereva wa kijijini aliyesajiliwa, naye hulipwa kwa simu baada ya kumfikisha mama mjamzito au mtoto mchanga hospitalini. Hakuna anayelipia gari lililolala.

Kwa Mji Mkongwe hilo halitoshi. Gari haliingii vichochoroni. Mgonjwa hubebwa mpaka barabara ya Darajani au Forodhani. Hapo dakika huokolewa na machela ya mtaa na vijana waliofunzwa kuzuia damu, vitu ambavyo jumuiya ya wenye maduka inaweza kuvichangia bila kungoja mfadhili.

Mwenye akiba ndogo anayetaka kuingia kwenye zahanati, maabara au usafiri wa wagonjwa aulize mambo matatu kabla ya kutoa fedha: nani analipa, analipa baada ya siku ngapi, na nani anabeba gharama ya kusubiri. Likikosa jibu la tatu, biashara hiyo itafunga milango usiku, na usiku ndipo inapohitajika.