Dakika Kumi na Moja za Katuni: Hesabu Iliyopigwa Nangurukuru

Luninga ya kisasa ya inchi 32 hula wati 50 hivi. Iwashe saa tatu kwa siku, imekula uniti 0.15. Kwa mteja mdogo wa TANESCO, yule asiyevuka uniti 75 kwa mwezi na anayelipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, hiyo ni shilingi 15. Mwezi mzima ni shilingi 450.

Hesabu hii niliipiga Nangurukuru, wilayani Kilwa, kwenye benchi la mama lishe, nikisubiri basi la kwenda Lindi. Watoto wanne walikuwa wamesimama mlangoni, shingo juu, macho kwenye luninga iliyopachikwa karibu na dari, ambamo Tom alikuwa akimkimbiza Jerry. Hawakuagiza kitu na hakuna aliyewafukuza. Kwa hao wanne, burudani ya saa tatu iligharimu chini ya shilingi 4 kila mmoja, nazo zililipwa na mwenye mgahawa.

Huo ndio upande wa mtazamaji. Upande wa anayeichora katuni una tarakimu za namna nyingine kabisa, na pengo kati ya pande hizo mbili ndilo linaloeleza kwa nini mtoto wa Kilwa, anayeota kwa Kiswahili, anakua na katuni zilizochorwa California, Tokyo au Hyderabad.

Tuanze na dakika 11, urefu wa kawaida wa kipindi cha katuni cha watoto. Luninga zetu huonyesha picha 25 kwa sekunde. Dakika 11 ni sekunde 660, kwa hiyo ni picha 16,500. Wachoraji wana ujanja wao wa siku nyingi: kila mchoro hushikiliwa kwa picha mbili, jicho la mtazamaji lisishtuke, na michoro ikashuka hadi 8,250. Kompyuta imepunguza zaidi, kwa kuwa siku hizi mhusika huchorwa mara moja, akagawanywa vipande (kichwa, mkono, kiwiko, mdomo), kisha vipande vikasogezwa kama kikaragosi cha karatasi. Hata hivyo kusogeza kuzuri hakuna njia ya mkato. Tuseme fundi hodari anamaliza sekunde 20 kwa siku. Kipindi kimoja kimemla siku 33, na hapo ni mwendo peke yake. Kuna mswada, sauti, wimbo, mandhari za nyuma, uhariri, na kurudia yale ambayo mwenye fedha hakuyapenda. Mara tatu ya zile 33 si makadirio ya kutia chumvi. Tuseme siku 100 za kazi.

Nikiweka shilingi 60,000 kwa siku ya mtu mmoja, humo mkiwa na mshahara, kompyuta, umeme na pango la ofisi, kipindi cha dakika 11 kinagharimu shilingi milioni 6. Tarakimu hizi ni za kidaftari changu, si za kampuni yoyote. Wapo watakaosema nimewapunja wachoraji, nami sitabishana nao. Ninachotaka ni ukubwa wa kitu, tujue tunapima kwa ndoo au kwa kijiko.

Milioni 6 kwa dakika 11, mbele ya shilingi 15 kwa saa tatu. Mtu wa Kilwa hahitaji somo la uchumi kuelewa biashara ya namna hii, maana inapita chini ya miguu yake. Gesi ya kisiwa cha Songo Songo iligunduliwa 1974, ikakaa chini ya bahari miaka 30, na haikuanza kuzalisha umeme Dar es Salaam mpaka 2004, baada ya bomba la zaidi ya kilomita 200 kulazwa kutoka kisiwani, likapanda nchi kavu Somanga na kuelekea Ubungo. Gharama yote ilikaa mwanzoni. Bomba likishalazwa, kumpelekea gesi mteja wa pili ni kazi ndogo. Katuni nayo ni bomba la aina hiyo: nakala ya kwanza ni milioni 6, nakala ya pili ni bure, na ya milioni moja ni bure vilevile. (Kwamba gesi inakwenda Ubungo na katuni zetu zinatoka kampuni iitwayo Ubongo ni mchezo wa lugha nisioulipia chochote.)

Tatizo ni kwamba kipindi kimoja hakitengenezi chaneli. Chaneli ni jini lenye njaa ya saa. Ikiwaka saa 14 kwa siku, mwaka mzima inahitaji saa 5,110, sawa na vipindi 27,873 vya dakika 11. Kwa milioni 6 kila kimoja, bili inazidi shilingi bilioni 167. Hakuna mwendawazimu wa kuilipa, wala hakuna aliyewahi kuilipa popote duniani. Kila chaneli ya katuni unayoijua ilianza kwa kukwepa bili hiyo.

Namna ya kukwepa iligunduliwa na wahasibu. Katika miaka ya 1950 wakubwa wa studio ya MGM waligundua kwamba filamu ya zamani ya Tom na Jerry ikirudishwa kwenye kumbi ilileta kama asilimia 90 ya mapato ya filamu mpya. Mwaka 1957 wakaifunga idara ya katuni. William Hanna na Joseph Barbera, waliokuwa wakiwachora paka na panya hao, wakaanzisha kampuni yao na kuchora kwa bei ya televisheni: mwili umesimama, mdomo tu unacheza. Mwaka 1991 Ted Turner, tajiri wa televisheni wa Marekani, akainunua kampuni hiyo pamoja na washirika kwa dola milioni 320 hivi. Alichonunua hasa ni maktaba, na Oktoba 1992 maktaba hiyo ikawa chaneli ya Cartoon Network, iliyojaza siku nzima kwa kazi ambazo gharama yake ililipwa miaka 30 nyuma. Siri ya ile asilimia 90 ni kwamba mtoto wa miaka mitano hajui marudio ni nini, na kila baada ya miaka michache anakuja mwingine wa miaka mitano ambaye hajaona kitu.

Asia iliusoma mchezo huo haraka. Japani ilikuwa imetangulia kwa njia yake: Januari 1963 mchoraji Osamu Tezuka alianza kurusha katuni ya Tetsuwan Atomu, akiiuzia televisheni kila sehemu kwa bei iliyokuwa chini ya gharama, huku akipunguza michoro na kurudia ile ile kadiri alivyoweza. Hasara aliifukia kwa bidhaa zenye picha ya shujaa wake na kwa kuiuza Marekani. Bei yake ya hasara iliwafunga wachoraji wa Japani kwa miaka mingi, na wapo wanaomlaumu hadi leo. Lakini ilizaa maktaba. Maktaba hiyo ya Kijapani ndiyo iliyokuja kuishibisha India: chaneli ya Hungama ilifunguliwa 2004, ikajaza saa zake kwa katuni kama Doraemon zilizoingizwa sauti za Kihindi, na 2006 Disney ikainunua kwa dola milioni 30.5. Miaka miwili tu tangu kuzaliwa! Chhota Bheem, mvulana wa Kihindi mla vitamu vya laddu aliyechorwa Hyderabad, alianza kuonekana kwenye chaneli ya Pogo mwaka 2008. Cartoon Network ilikuwa imetua Asia 1994. Kwa hiyo Mhindi alikaa na katuni za wengine zaidi ya miaka kumi kabla ya kumpata shujaa wa nyumbani wa ukubwa huo, na miaka hiyo ndiyo iliyowazoesha watazamaji, watangazaji wa biashara na mafundi wa sauti.

Kwetu mambo yalikwenda kinyume. Tulianza na uchoraji kabla ya kuwa na maktaba.

Mfano mzuri ni Tinga Tinga Tales. Mtindo wake wa rangi ni wa Edward Said Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, mtu wa kusini mwenzetu, aliyeanza kuchora Dar es Salaam 1968 na kufariki 1972. Katuni yenyewe ilichorwa Nairobi, kwa ushirika wa Homeboyz na kampuni ya Uingereza ya Tiger Aspect, ikaanza kuonyeshwa na CBeebies ya BBC mwaka 2010. Vipindi 52, kila kimoja dakika 11. Zidisha: dakika 572, yaani saa 9 na dakika 32. Ukiifungulia saa moja asubuhi, saa kumi na nusu jioni hivi imekwisha yote, na kesho yake huna la kuonyesha. Kwa wachoraji wa Nairobi ilikuwa kazi kubwa mno, nami siidharau. Kwa ratiba ya chaneli ni siku moja ambayo haikufika hata magharibi. Tena ilitengenezwa kwa Kiingereza.

Ubongo ilianzishwa Dar es Salaam 2013, na Ubongo Kids ikaanza TBC1 mwaka 2014, hesabu na sayansi kwa nyimbo, kwa Kiswahili, mtoto akiweza kujibu maswali kwa ujumbe mfupi wa simu. Baadaye ikaja Akili and Me ya wadogo zaidi, kuhusu binti wa miaka minne anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro na kuingia Lala Land kila akilala. Utafiti uliofanywa kwa watoto wa Morogoro ulikuta kwamba waliotazama Akili walisonga mbele kuliko wenzao waliotazama kipindi kingine, katika kuchora, kutambua maumbo na namba, na kuhesabu. Ubongo haikujaribu kuwa chaneli. Ilitengeneza vipindi na kuvigawa kwa vituo, ikavipeleka redioni pia, ikavitia Kinyarwanda na Kihausa. Ni akili ya bomba: ukishalipa nakala ya kwanza, tafuta wateja wengi kadiri uwezavyo. Chaneli kamili ilikuja Kenya, nayo ikaitwa Akili Kids! bila kuwa na udugu na yule binti wa Lala Land. Ilianza kurusha bure tarehe 31 Machi 2020, wiki mbili baada ya shule za Kenya kufungwa kwa sababu ya korona. Wazazi waliofungiwa na watoto ndani hawakuuliza katuni ilichorwa wapi.

Sasa turudi kwenye daftari, kwa sababu kuna safu bado sijaijaza. Tuseme chaneli ya Kiswahili inarudia kila kipindi mara kumi kwa mwaka, jambo ambalo watoto watalifurahia kuliko watu wazima. Mahitaji yanashuka hadi saa 511, vipindi 2,787. Kuvichora vyote ni shilingi bilioni 16.7. Kuviingiza sauti za Kiswahili ni kitu kingine: mtafsiri siku moja, waigizaji wanne nusu siku nusu siku, fundi mitambo siku mbili. Ni siku tano za kazi, shilingi 300,000. Vipindi 2,787 vinafika shilingi milioni 836. Ongeza ada ya haki za kuonyesha, ambayo ni maelewano, na bado umekaa mbali sana na bilioni 16.7. Mchoro ni ghali mara 20 kuliko sauti.

Tom na Jerry walivuka dunia nzima bila kulipa hata hiyo sauti, maana kwa kawaida hawazungumzi. Ndiyo maana wapo Nangurukuru. Doraemon anazungumza, na kwa hiyo anahitaji mtu wa kumpa ulimi.

Ulimi tunao. Mwaka 2011 TBC ilionyesha tamthilia ya Kichina, Doudou na Mama Wakwe Zake, ikiwa na sauti za Kiswahili, na watu wakakaa kitako. Azam imefanya hivyo kwa tamthilia za Kituruki. Kabla ya hao wote alikuwepo Lufufu, yaani Derek Mukandala, aliyekuwa akisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili peke yake, sauti zote, mbio zote, matusi yote, na kanda zake zikasambaa kwenye vibanda umiza, zile kumbi ndogo za video, nchi nzima. Hakumlipa mwenye filamu. Hilo ni kosa, na pia ni kipimo cha jinsi gharama inavyoweza kushuka mtu akiwa na kipaza sauti na mdomo.

Nani alipe hiyo milioni 836? Watangazaji wa biashara hufuata pochi, na mtoto hana pochi. Mzazi wa Lindi ana hesabu zake: kuunganishiwa umeme kijijini shilingi 27,000, king'amuzi, kifurushi cha kila mwezi, na korosho zina msimu wake. Ndiyo maana katuni zetu nyingi zimeishi kwa ruzuku za mashirika. Lakini jaribu kugawa. Tanzania ilihesabiwa watu 61,741,120 mwaka 2022, na zaidi ya wanne katika kila kumi hawajafika miaka 15. Chukua watoto milioni 5 tu. Hata ile chaneli ya gharama kubwa, ya kuchora kila kitu nyumbani kwa bilioni 16.7, inakuwa shilingi 280 hivi kwa mtoto kwa mwezi. Ya kuingiza sauti ni shilingi 14, kabla ya ada za haki. Tatizo ni nani azikusanye hizo shilingi 14 kutoka nyumba milioni kadhaa. Kuzikusanya kutagharimu kuliko zenyewe.

Kwenye kibanda umiza mkusanyaji yupo tayari, anakaa mlangoni. Kiingilio kikiwa shilingi 200 na watoto wakiwa 40, alasiri moja ni shilingi 8,000. Kwa fedha hiyo peke yake angehitaji alasiri 38 kulipia Kiswahili cha dakika 11, na angekuwa mjinga kufanya hivyo. Vibanda 100 vikichangia kipindi kimoja, kila kimoja kinatoa shilingi 3,000, kiingilio cha watoto 15.

Basi lilikuja nikiwa bado sijaamua kama namba hiyo ya mwisho ni ndogo au kubwa. Nilimuuliza mkubwa wa wale watoto wanne Tom anasema nini pale anapobanwa mkia. Akanitazama kana kwamba mimi ndiye nisiyeona, kisha akaniigizia, kwa sauti mbili tofauti, paka na panya wakigombana kwa Kiswahili cha Kilwa.