Mwalimu, huo mchezo wa fimbo una mshahara?

Niko Kasubi, Kampala, nilikokuja likizo kwa shangazi.

Huku kuna baba mmoja, mkimbizi kama sisi, ambaye kijana wake wa darasa la sita anapenda sana besiboli. Yeye ni mlinzi wa nyuma. Besiboli ina wachezaji tisa uwanjani, na watatu kati yao wanasimama mbali kabisa. Unaweza kukaa huko muda mrefu bila kugusa mpira, halafu ghafla unapigwa juu, na ni lazima uanze kukimbia kabla hujajua utaanguka wapi. Kijana anaweza hiyo kazi. Lakini baba yake akaniuliza: "Mwalimu, huo mchezo wa fimbo una mshahara, ama ni kumaliza sabuni tu?"

Mshahara upo, baba, ila ni kwa wachache. Mwaka 2022 vijana wawili wa Uganda, Ben Serunkuma na Umar Male, walisaini mkataba na Los Angeles Dodgers ya Marekani. Hao ni watupaji wa mpira, si walinzi wa nyuma, lakini mlango ni ule ule. Na kusaini bado siyo kufika. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini alisaini na Pittsburgh Pirates mwaka 2008, akapanda ngazi za ligi ndogo moja moja, na akaingia ligi kuu tarehe 26 Aprili 2017. Miaka tisa hivi! Ndiye Mwafrika wa kwanza kucheza kule juu, na mara yake ya kwanza kabisa kushika fimbo alipiga vizuri.

Sasa wazazi, hapa ndipo nataka tusikilizane. Mwaka 2011 timu ya watoto wa Kampala ilikwenda Poland, ikashinda mashindano ya kanda ya Mashariki ya Kati na Afrika. Maana yake walipata tiketi ya kwenda mashindano ya dunia ya watoto, kule Williamsport, Marekani. Timu ya Afrika ilikuwa haijafika huko hata siku moja. Watoto wakajiandaa. Kumbe viza zikakataliwa, kwa sababu tarehe za kuzaliwa za baadhi yao hazikulingana kwenye karatasi. Nafasi yao ikachukuliwa na timu ya Saudi Arabia, ile ile waliyoishinda. Mimi nikifikiria hao watoto, roho inaniuma mpaka leo.

Mwaka uliofuata, 2012, watoto wa Lugazi walishinda tena, na safari hii karatasi zilikubalika. Wakawa timu ya kwanza ya Afrika kucheza Williamsport, na wakaifunga timu moja ya Oregon, Wamarekani wenyewe, 3 kwa 2. Mwaka 2015 Uganda ilirudi tena.

Nilipomweleza hivyo, yule baba alinyamaza kidogo, halafu akatoa mfuko wa plastiki wenye karatasi za nyumbani. Kwenye karatasi ya familia kijana ana miaka 12. Kwenye kadi ya shule, 14. Aliyeandika alisikia vibaya, au foleni ilikuwa ndefu, nani anajua. Mama yake anasema alizaliwa wakati wa kuvuna maharage, siku tatu kabla ya kukimbia kijiji, na mwaka anaukumbuka vizuri sana.

Basi wazazi, jioni hii toeni karatasi zenu. Linganisheni jina na tarehe ya kila mtoto: karatasi ya familia, kadi ya kliniki, cheti cha kuzaliwa kama kipo, na daftari la shule. Zikitofautiana, nendeni mkaombe marekebisho sasa, mtoto akiwa bado mdogo na hakuna safari inayosubiri. Kwa upande wa shule, njooni kwangu Jumatatu shule ikifunguliwa, tutaangalia pamoja.

Yule baba na mkewe wanakwenda wiki ijayo. Kijana ameomba tu wasiende jioni, kwa sababu ya mazoezi.