Hesabu ya karata haiko kwenye simu yako

Wiki jana barazani kwetu alikuja kijana mmoja dereva wa tuktuk, simu mkononi. Alikuwa anacheza blackjack, ule mchezo wa 21, na alikuwa ameshaliwa Sh1,400. Pesa hizo zilikuwa hesabu ya mwenye tuktuk. Tulipomwambia aache, akajibu kwa uhakika: "Siwezi kutoka sasa. Nimehesabu karata, zangu ziko karibu."

Alikuwa ameona kwenye video kwamba kuna watu waliozipiga kasino kwa kuhesabu karata. Jambo hilo ni kweli. Lakini alichokuwa akifanya yeye sicho walichofanya wao, na tofauti hiyo ndiyo inayowala vijana wetu wengi.

Tuanze na mchezo wenyewe. Unapewa karata mbili, unaweza kuongeza, na lengo ni kukaribia 21 bila kupita. Ukipita, umeliwa. Mgawaji wa kasino hana hiari: akiwa na 16 au chini yake lazima achukue nyingine. Ukipata 21 kwa karata zako mbili za kwanza, kwa kanuni ya zamani dau la Sh1,000 linakupa faida ya Sh1,500.

Mwaka 1962, mwanahisabati wa Marekani, Edward Thorp, alitoa kitabu kiitwacho Beat the Dealer. Alionyesha kwamba karata zilizokwisha kutoka zinakuambia kitu kuhusu zilizobaki. Zikibaki kubwa nyingi, mchezaji ana nafuu: 21 za papo hapo hutokea zaidi, na mgawaji anayelazimika kuongeza hupita 21 mara nyingi zaidi.

Njia ya kuhesabu inayojulikana sana ni hii. Ukiona karata ya 2 hadi 6, ongeza moja. Ukiona 7, 8 au 9, usifanye kitu. Ukiona 10, karata yoyote yenye picha, au esi ambayo wazee huiita ree, ondoa moja. Kisha jumla yako igawanye kwa idadi ya pakiti zilizobaki. Jumla ikiwa 6 na zimebaki pakiti tatu, hesabu yako ni 2.

Sasa, uendelee au utoke? Kasino huanza na faida ya kama nusu shilingi kwa kila Sh100, hata kwa mtu anayecheza bila kosa. Kila pointi moja ya hesabu humrudishia mchezaji karibu nusu shilingi. Kwa hivyo kwenye 1 mko takriban sawa, na kwenye 2 una faida ndogo. Ikiwa sifuri au chini, mhesabuji huweka dau dogo kabisa au huondoka mezani.

Angalia kwamba hesabu hii haiulizi umeshinda au umeliwa kiasi gani. Haiangalii kama umekaa saa tatu bila kupata kitu. Inaangalia karata zilizobaki tu. Mtu anayesema "nimeliwa sana, sasa ni zamu yangu" hajahesabu karata. Amehesabu machungu yake.

Na hata faida yenyewe ni nyembamba. Hesabu ikiwa 2, dau la Sh1,000 linakupa wastani wa shilingi tano. Ucheze mara 100 katika hali hiyo, unatarajia Sh500. Lakini katika mara hizo 100, kupanda au kushuka kwa Sh11,000 ni jambo la kawaida. Ndiyo maana Thorp alipokwenda kujaribu Nevada mwaka 1961, alibeba dola 10,000 za matajiri wawili. Wanafunzi wa chuo cha MIT waliofuata nyayo hizo walichanga mtaji na kufanya kazi kama timu. Hakuna aliyekwenda na pesa ya unga.

Kasino nazo hazikulala. Nyingi zilianza kutumia pakiti sita au nane, zikachanga karata kabla hazijakaribia kwisha, zikaleta mashine za kuchanga bila kusimama. Kwenye meza nyingi ile faida ya Sh1,500 imeshushwa ikawa Sh1,200. Na mhesabuji akijulikana, mara nyingi huombwa atoke.

Tumrudie kijana wetu. Chukua kikapu chenye maembe kumi, matano yameoza. Ukitoa manne yaliyooza ukayaweka kando, unajua waziwazi kwamba kilichobaki ni kizuri zaidi. Lakini ikiwa kila embe unalotoa linarudishwa na kikapu kinatikiswa upya, huna unachojua, hata ukitoa mara elfu.

Blackjack ya kawaida ya simu ni kikapu hicho cha pili. Kila mkono ukiisha, programu huchanga karata zote upya, na hesabu yako inarudi sifuri. Ile ya video, ambapo mtu wa kweli anagawa karata, mara nyingi hutumia pakiti nane na kuchanga tena zikifika nusu, hivyo nafasi ya kupata faida ni finyu mno. Na mchezo wa ndege unaopaa nao ni hivyo hivyo: zile namba za raundi zilizopita hazikuambii chochote kuhusu inayofuata.

Kwa hivyo mwanao, mdogo wako au abiria mwenzio akikwambia asubiri kidogo kwa sababu amehesabu, usigombane naye. Muulize swali moja: karata zilizotoka zimewekwa kando, au zimerudi ndani? Kama zimerudi, hakuna hesabu ya kumwambia aendelee. Iliyobaki ni ile faida ya kasino, na kila anapobonyeza anailipa.

Kijana wetu tulimuuliza. Alinyamaza, akaitazama simu, kisha akaizima. Zile Sh1,400 hazikurudi. Alifanya kazi hadi saa sita usiku ili apeleke hesabu ya mwenye chombo, na hiyo ndiyo hesabu pekee aliyokuwa na hakika nayo siku ile.